Uzi: Kenya yamtaka mzalishaji alipie taka za vifungashio vyake. Je, fedha hizo zitapita njia gani?

Mleta uzi (Nairobi)

Wanajamvi, naleta mada hii kwa sababu imezungumzwa sana kwenye semina za hotelini, lakini sisi tunaonunua bidhaa na kutupa maganda yake hatujaizungumzia ipasavyo. Novemba 2024 Serikali ya Kenya ilichapisha kanuni za kumwajibisha mzalishaji, yaani Tangazo la Kisheria Na. 176 la mwaka huo. Kanuni hizo zimetungwa chini ya Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, ambayo Rais Uhuru Kenyatta aliitia saini Julai 2022, muda mfupi kabla ya kuondoka Ikulu. Kifungu cha 13 cha sheria hiyo kinasema kwamba kila mzalishaji atabeba wajibu wa kupunguza uchafuzi unaotokana na bidhaa anazoziingiza katika soko la Kenya, pamoja na taka zinazobaki bidhaa hizo zikishatumika. Anayehesabiwa kuwa mzalishaji si mwenye kiwanda peke yake, kwa kuwa anayeagiza kutoka nje na anayefungasha upya kwa jina lake mwenyewe wamo pia. Anaweza kutimiza wajibu huo peke yake, au akaungana na wenzake katika shirika la pamoja, aina ya shirika ambalo wengi wameshazoea kuliita PRO.

Wazo lenyewe limezidi miaka thelathini. Mwaka 1990 Thomas Lindhqvist, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, aliiandikia serikali ya Sweden hoja ambayo ukiitafakari ni ya kibiashara kabisa: maadamu gharama ya kuondoa taka inalipwa na manispaa, mtu anayechora umbo la chupa hana sababu ya kufikiria chupa hiyo itaishia wapi. Gharama ikirudi kwake, atabadilisha mchoro. Kwa hiyo shabaha ya kwanza ya sheria za namna hii ni meza ya mbunifu wa kifungashio, na kusafisha mitaro ni matokeo yanayofuata.

Hapa kwetu mambo mawili yamechanganywa, na ninaomba tuyatenganishe mapema ili uzi usipotee njia. Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza ushuru wa mazingira ambao ungetozwa kwenye matairi, simu, nepi na bidhaa nyingine nyingi. Tunakumbuka yaliyotokea Juni mwaka ule: vijana waliingia barabarani, tarehe 25 wakaingia hadi Bungeni, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatatia saini. Watu wengi walibaki na picha kwamba kila kinachoitwa ada ya mazingira ni mkono mwingine mfukoni mwao, nami siwalaumu. Hata hivyo, ushuru ule ungekwenda Hazina, ukachanganyika na mapato mengine na kulipia chochote ambacho serikali ingeamua kulipia. Ada ya wajibu wa mzalishaji, ikiendeshwa inavyopaswa, haigusi Hazina kabisa. Inatoka kwa mwenye bidhaa, inapitia kwenye shirika la pamoja, kisha inamlipa anayekusanya, anayechambua na anayechakata.

Tofauti hiyo si ndogo, na Afrika Kusini wanaijua kwa uchungu. Mwaka 2003 walianza kutoza ushuru kwenye mifuko ya plastiki, na wananchi wakaelezwa kwamba fedha zitajenga sekta ya urejelezaji. Ushuru uliingia katika mfuko mkuu wa taifa, na asasi iliyoundwa kuendeleza ukusanyaji wa mifuko hiyo, Buyisa-e-Bag, ilifungwa mwaka 2011. Ushuru wenyewe uliendelea kutozwa.

Swali langu kwenu, basi, ni hili: kanuni zipo, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, imepewa kazi ya kuzisimamia, mashirika ya pamoja yapo (PETCO ya hapa Kenya ilianza mwaka 2018, KEPRO ikafuata mwaka 2021). Shilingi inayotolewa na kampuni ya maji ya chupa au ya mafuta ya kupikia itapita wapi kabla ya kumfikia mwokotaji anayeinama kwenye jaa la Dandora? Na sisi tutajuaje kwamba imefika?

Mchangiaji wa kwanza (mwenye kiwanda kidogo, Thika)

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa kutenganisha ushuru na ada, ingawa kwa mtu anayeandika hundi zote mbili ni fedha zinazotoka. Ninafungasha viungo na unga wa uji kwa kiwango kidogo. Nalipia leseni ya biashara ya kaunti, nalipia gari la kubeba taka, nalipia alama ya ubora, na sasa natakiwa kujisajili NEMA na kujiunga na shirika la pamoja. Sipingi wajibu wenyewe. Karatasi yangu ikionekana kwenye mtaro, jina langu limeandikwa juu yake, na hilo peke yake linanitia aibu.

Linaloniudhi ni kwamba mimi ninaonekana na mwingine haonekani. Viungo vinavyoingizwa bila anwani ya kueleweka kwenye kifungashio vinauzwa rafu moja na vyangu. Yule asiyelipa ataniuzia chini ya bei kwa kiasi kile kile ambacho mimi nimelipa kama ada. Atakapofanya hivyo miaka miwili mfululizo, mtakuwa mmemwondoa mzalishaji aliyetii na kumbakiza aliyekimbia. Je, kuna nchi iliyowahi kulitatua hili, au ni sisi wadogo tu tutakaokuwa mfano kwa sababu ni rahisi kutufikia?

Mleta uzi (Nairobi)

Swali lako ni la haki, nami nitalijibu kwa mfano wa Ujerumani, kwa kuwa wao ndio waliotangulia na ndio waliotangulia kujikwaa. Amri yao ya vifungashio ni ya mwaka 1991, wakati Klaus Töpfer alipokuwa waziri wa mazingira. (Ndiye huyo huyo ambaye baadaye aliishi hapa Nairobi akiliongoza UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa.) Wenye viwanda waliunda kampuni moja ya pamoja iliyotumia alama ya nukta ya kijani: ukilipa, unaruhusiwa kuichapisha alama ile kwenye kifungashio chako. Wananchi waliitikia kwa bidii kuliko ilivyotarajiwa, taka zilizochambuliwa zikamiminika, na kumbe kampuni nyingi zilikuwa zimechapisha alama bila kulipa au zikilipia sehemu tu ya uzito wa vifungashio vyao. Kufikia mwaka 1993 kampuni ile ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, na sehemu ya plastiki zilizokusanywa ilisafirishwa nje kwa sababu viwanda vya kuichakata nyumbani havikutosha.

Walichukua muda mrefu kuziba tundu hilo. Sheria yao mpya ya vifungashio ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2019, na kwayo kikaanzishwa chombo cha usajili chenye makao yake mjini Osnabrück, kinachoendesha daftari linaloitwa LUCID. Daftari hilo liko wazi mtandaoni. Mtu yeyote, awe mshindani wako, mnunuzi wako au mwandishi wa habari, anaweza kuandika jina la kampuni na kuona kama imesajiliwa. Asiyesajiliwa haruhusiwi kuuza bidhaa iliyofungashwa, na masoko ya mtandaoni yamewekewa wajibu wa kuhakikisha kwamba wauzaji wao wamesajiliwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Thika, kinachokulinda ni daftari lililo wazi kuliko ukali wa adhabu. Sisi tumeshaonyesha kwamba tunaweza kuandika adhabu kali: marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2017 ilikuja na faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Mkaguzi wa NEMA hawezi kufika kila duka Eastleigh na Gikomba. Mshindani wako aliyelipa ada anaweza, na atakuwa na kila sababu ya kupekua.

Mchangiaji wa pili (mnunuzi wa plastiki, Mombasa)

Habari zenu. Mimi nina yadi ndogo. Nanunua kutoka kwa waokotaji, nachambua, nafunga marobota na kuuza kwa wachakataji. Naomba niwaeleze jinsi mambo yalivyo huku chini, kwa sababu naona mazungumzo yanaelea juu ya plastiki kana kwamba ni kitu kimoja.

Chupa ya maji iliyo angavu ina mnunuzi. Chupa ya rangi ina mnunuzi wa bei ya chini. Mitungi migumu ya mafuta na ndoo zilizovunjika zina mnunuzi mzuri sana, wala hutaziona zikilala barabarani. Ambacho hakina mnunuzi ni vipakiti: vya sabuni ya unga, vya mafuta ya nywele, vya viungo (samahani, mwenzangu wa Thika), vya vitafunio vya watoto. Vile vimeundwa kwa tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja, plastiki ya aina moja, pengine utando wa alumini, kisha plastiki ya aina nyingine, na hakuna mashine hapa pwani inayozitenganisha kwa gharama inayolipa. Mwokotaji anavijua hata kwa mlio vinapokunjwa, naye hainami kuviokota. Ndivyo vinavyoziba mifereji, ndivyo mvua inavyovisukuma hadi kwenye mikoko.

Sasa fikirini. Shirika la pamoja likipewa lengo la tani kadhaa za plastiki bila kuambiwa ni plastiki gani, litakwenda wapi? Litakuja kwangu kununua chupa za maji, ambazo nilikuwa nazinunua hata kabla sheria haijaandikwa. Tani zitatimia, ripoti itapendeza, na kipakiti kitabaki pale pale. Tusisahau kwamba uchumi wetu ni wa kadogo: mama ananunua sabuni ya shilingi kumi kwa sababu leo ana shilingi kumi. Simlaumu hata kidogo. Lakini kampuni iliyochagua kumfikia kwa kipakiti kisichorejelezeka ndiyo inayopaswa kulipa ada kubwa kuliko inayouza chupa inayokusanyika, na tofauti iwe kubwa kiasi cha kumsumbua mhasibu.

La pili ni bei. Bei yangu haipangwi na mimi. Mafuta ghafi yakishuka duniani, plastiki mpya inakuwa rahisi, na kiwanda kinaacha kununua iliyochakatwa. Mwaka 2020 tuliona hivyo. Nikipunguza bei kwa kilo, mwokotaji anaacha kuokota, kwa kuwa naye ana nyumba ya kulipia kodi. Ada ya mzalishaji ingekuwa na maana kubwa kwangu kama ingeziba pengo hilo wakati bei inapoanguka, badala ya kumalizikia kwenye mabango na siku za kusafisha ufuo ambapo watu wanapewa fulana na maji ya chupa.

Na waokotaji wenyewe wasiachwe nje. Kanuni za Afrika Kusini zilizoanza mwaka 2021 zinawataka wazalishaji wawalipe waokotaji waliosajiliwa kwa huduma yao ya kukusanya, mbali na bei ya mzigo wanaouza. Utekelezaji ni suala jingine, lakini angalau kimeandikwa.

Mchangiaji wa tatu (Dar es Salaam)

Wakuu, nimesoma kwa makini, nami naongeza la upande huu wa mpaka kwa sababu linahusu kipakiti alichokitaja ndugu wa Mombasa.

Tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali iliyofungashwa kwenye vifuko vidogo vya plastiki. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa ulevi wa vijana na wanafunzi, ila mazingira nayo yalitajwa. Wenye viwanda walilalamika kwamba haiwezekani, kwamba wana mali ghala zima, kwamba wateja hawamudu chupa. Baadaye wakahamia kwenye chupa ndogo. Kumbe kifungashio kinachodaiwa kuwa hakina mbadala hupata mbadala pale sheria inapofunga mlango. Kwa hiyo ninauliza: je, kwa vipakiti ambavyo hakuna anayeweza kuvichakata, kuna haja gani ya kuvitoza ada badala ya kuviwekea tarehe ya mwisho, kama tulivyofanya kwa mifuko ya kubebea tarehe 1 Juni 2019?

Jambo lingine ni kwamba tunazungumza kana kwamba Ulaya ndiyo iliyotufundisha kumrudishia mzalishaji chombo chake. Sisi tuliokulia hapa tulitumwa dukani na chupa tupu ya soda. Bila chupa uliacha hela ya chupa, au ulikunywa ukiwa umesimama pale pale dukani. Kreti zilirudi kwa gari lile lile lililoleta soda, chupa ikaoshwa na kujazwa tena. Hakuna aliyepita mitaani kuhimiza usafi, na chupa za soda hazikuonekana mtaroni kwa sababu zilikuwa fedha. Kampuni za vinywaji ndizo zilizoamua kuhamia kwenye chupa ya plastiki ya kutupwa, na zilipohama ziliokoa gharama ya kuosha na kubeba vioo. Gharama ile haikuyeyuka, iliangukia halmashauri na dampo la Pugu. Ujerumani imeweka rehani, yaani hela ya chupa unayorudishiwa ukirudisha chombo, kwa chupa na makopo ya kutupwa tangu mwaka 2003, na leo ni senti 25 kwa kila moja. Sioni ni kwa nini sheria zetu zinasuasua kuitaja rehani, ilhali kila muuza duka Manzese anajua inavyofanya kazi.

Mchangiaji wa nne (wakili, Nakuru)

Naomba niingie kwa upande wa katiba, kwa sababu naona hatari ambayo bado haijaguswa. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 linaipa kaunti kazi ya kuondoa taka na kusimamia majaa. Sheria ya 2022 imeziagiza kaunti zijenge vituo vya kuchambulia taka na imemtaka kila mtu atenganishe taka zinazooza na zisizooza. Wajibu wa mzalishaji, kwa upande wake, unasimamiwa na NEMA, ambayo ni taasisi ya serikali kuu, na fedha zake ziko mikononi mwa mashirika ya binafsi. Lori ni la kaunti, fedha ni za shirika, kibali ni cha NEMA. Nyumba ikitenganisha taka vizuri kisha lori moja likazichanganya tena, ni nani atakayeshtakiwa?

Ulaya kuna njia mbili kuu. Ujerumani iliweka mfumo wa pili kabisa kando ya ule wa manispaa, wenye mapipa na mifuko yake ya manjano. Ufaransa iliacha ukusanyaji mikononi mwa manispaa, na shirika la wazalishaji, lililoanzishwa mwaka 1992 kwa jina la Eco-Emballages na ambalo tangu 2017 linaitwa Citeo, likawa linazilipa manispaa kulingana na tani zilizochambuliwa. Kwa maoni yangu njia ya Ufaransa inakaribiana zaidi na katiba yetu, kwa sharti kwamba malipo yafanyike baada ya mzigo kupimwa na yaingie kwenye akaunti maalumu. Fedha zikiingia kwenye akaunti ya jumla ya kaunti, tutakuwa tumerudi kwenye kile kisa cha mifuko ya Afrika Kusini alichokieleza mleta uzi.

Kuhusu pendekezo la kupiga marufuku vipakiti, kisheria linawezekana, lakini lisitangazwe kwa ghafla. Marufuku ya mifuko yetu ilitolewa Februari 2017 na kuanza Agosti, miezi sita tu, na kesi zikafunguliwa mara moja. Kwa kipakiti cha chakula na dawa za matumizi ya nyumbani ningependelea ada inayopanda kila mwaka kwa kiwango kilichotangazwa tangu mwanzo, ili kiwanda kijue ni mwaka gani mashine mpya itakuwa nafuu kuliko ada.

Mleta uzi (Nairobi)

Nawashukuru nyote. Nimebadilika kidogo kuhusu vipakiti: nilikuja na wazo la ada ya kawaida kwa kilo, lakini naona ada ya kupanda aliyoieleza wakili inamkidhi ndugu wa Mombasa, na kwa kiasi fulani inamkidhi wa Dar es Salaam pia. Kuhusu rehani ya chupa, nakubali kabisa, na ningeanza na chupa za maji na soda, kwa kuwa watengenezaji wake si wengi na magari yao tayari yanafika kila kona ya nchi.

Limebaki moja ambalo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine, nalo ni mizani. Katika mfumo huu wote, kinachouzwa hatimaye ni uthibitisho kwamba tani fulani imekusanywa na kuchakatwa. Uthibitisho ukishakuwa na bei, atatokea wa kuughushi. India ilipoanzisha vyeti vya urejelezaji wa plastiki chini ya kanuni zake za mwaka 2022, ukaguzi wa Bodi Kuu ya Udhibiti wa Uchafuzi wa mwaka uliofuata ulikuta zaidi ya vyeti 600,000 vya bandia, vilivyotolewa na wachakataji wachache tu. Hawakuwa na plastiki hiyo, walikuwa na karatasi. Hapa kwetu chupa ile ile inaweza kuhesabiwa mara ya kwanza kwenye yadi ya Mombasa, mara ya pili kwa msafirishaji na mara ya tatu kiwandani Nairobi, kisha mashirika mawili tofauti yakaidai.

Ndiyo maana ningependa NEMA ichapishe kila robo mwaka, kwa jina la kila kampuni, mambo manne tu: imeingiza sokoni kilo ngapi, za aina gani ya kifungashio, imelipa ada kiasi gani, na kilo ngapi zimepimwa kwenye lango la kiwanda cha kuchakata. Kampuni zitasema hizo ni siri za biashara. Ninyi mlioko viwandani mniambie kama uzito wa vifungashio ni siri kweli, maana mshindani wako anaweza kununua pakiti moja dukani na kuipima. Ndugu wa Mombasa, nawe nina swali kwako: je, risiti unazoandika pale yadi hutaja aina ya plastiki, au ni kilo tu?

Mchangiaji wa pili (mnunuzi wa plastiki, Mombasa)

Kwa mwokotaji naandika kilo na bei, kwa sababu anataka fedha yake aondoke. Kwa mchakataji naandika aina, rangi na idadi ya marobota, na lori hupimwa pande zote mbili. Tangu wazalishaji waanze kutafuta takwimu, wapo waliokuja kuniomba nakala za risiti za mzigo ambao wao hawakuununua. Mmoja aliahidi kunilipia nakala hizo zaidi ya nilivyopata kwenye mzigo wenyewe. Nilimkatalia, lakini yadi ziko nyingi.